Bustani ya Vipepeo Katika Madebe

Katika somo la leo nataka kueleza habari za jambo ambalo wengine wataliona kuwa ni mchezo wa watoto, nalo ni kutengeneza bustani ndogo ya madebe na vyungu ili vipepeo waje kukaa karibu na nyumba. Walakini naomba msomaji asilifunge gazeti upesi. Jambo hili lina faida kwa mwalimu afundishaye habari za viumbe bila ya vyombo vya kutosha, na kwa mkulima mwenye kitalu cha michungwa, na kwa mtu kama mimi nikaaye Tanga mjini katika nyumba ya kupanga, ambayo ua wake wote umesakafiwa kwa saruji, wala sina hata hatua moja ya udongo niwezayo kuiita yangu.

Kwanza sina budi kusimulia kosa langu, kwa maana ndilo lililonifundisha.

Nilipoanza kazi hii nilipata madebe sita, nikayatoboa, nikayajaza udongo, nikapanda zinia, na marigoldi, na yale maua yaitwayo pentas, ambayo asili yake ni huku huku kwetu Afrika ya Mashariki, yenye mashada mekundu, meupe na ya waridi. Baada ya miezi miwili maua yakachanua na vipepeo wakaja. Nikafurahi mno. Lakini nikaona kwamba huja asubuhi, hunywa, kisha huruka juu ya ukuta na kwenda zao. Na maua yalipopungua hawakuonekana tena. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa akinitazama siku zote hizo kutoka barazani kwake. Nilipompa shikamoo siku moja akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Wageni wako umewapa chai tu. Hujawapa mahali pa kulea watoto."

Nikamwomba anieleze. Akanena kwamba kipepeo hatagi mayai yake juu ya ua, bali juu ya jani, tena si jani lolote, ila jani lile ambalo mtoto wake aweza kulila. Akanishauri nipande mdimu. Nikaenda Muheza, mahali pajulikanapo sana kwa machungwa, nikanunua mche wa mdimu wenye kimo cha magoti, nikautia katika debe kubwa kuliko yote.

Haukupita mwezi majani ya mdimu wangu yakaanza kuchafuka. Kila asubuhi nikikuta juu yake vijitone vyeusi vyenye baka jeupe, kama mavi ya ndege mdogo. Mimi ni mtu nipendaye usafi. Nikachukua kitambaa chenye maji na kuyafuta majani yote. Kesho yake vingine, nami nikafuta. Nikaendelea hivyo muda wa juma zima, nikiwalaumu shomoro wa jirani. Siku ya nane binti yangu, aliye katika darasa la tano, akainama akatazama kwa makini, akaniita: "Baba, mavi haya yana miguu."

Basi vile nilivyokuwa nikivifuta ndivyo nilivyokuwa nikivitafuta. Walikuwa viwavi wa kipepeo wa mdimu, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Naye ni yule kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye upana wa mbawa zake hufika inchi 4 na kupita, apatikanaye katika Afrika yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na mavi ya ndege, na hiyo ndiyo ngao yake, kwa kuwa ndege hali mavi yake. Akikua hubadili vazi akawa kijani chenye michoro ya kahawia, hata ni shida kumtofautisha na jani. Ukimgusa, hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali hutoka humo. Watoto huogopa sana, lakini hazina sumu wala haziumi. Ni vitisho tu.

Katika somo hili kuna neno moja lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: bustani ya vipepeo ni bustani ya majani yaliyoliwa. Mtu asiyeweza kuvumilia kuona jani lina matundu na apande maua ya plastiki. Maua huwaita vipepeo waliokwisha kuzaliwa mahali pengine. Jani ndilo liwazaalo wapya. Kwa hiyo katika kila madebe matatu, moja au mawili yawe ya majani ya kulelea, na yaliyobaki yawe ya maua ya kunywesha.

Msomaji atauliza, "Majani gani?" Mimi nitataja yale niliyoyajaribu na yajulikanayo katika nchi za pwani. Mdimu nimekwisha kuutaja. Mlimau na mchungwa nayo hufaa vile vile. Wa pili ni mwingajini, ule mti mdogo wenye maua ya manjano uotao kando ya njia, ambao wazee wetu huutumia kwa dawa. Juu yake hutaga kipepeo mweupe mwenye kuelekea ukijani, mwenda mbio, ambaye miaka mingine hupita makundi kwa makundi akihama kutoka nchi hata nchi.

Jani la tatu na la nne nataka kuyaeleza pamoja, maana yana kisa kimoja cha ajabu. Liko kundi la mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na mmojawapo hupandwa bustanini kwa sababu ya maua yake mekundu na manjano. Wauza maua huuita asklepia. Utomvu huo una sumu. Kipepeo mmoja wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mbawa zilizopakwa meupe, hutaga mayai juu ya mimea hiyo, na viwavi wake huila sumu ile bila kudhurika, wakaiweka mwilini mwao hata wakati wa kuwa vipepeo. Jina lake la kitaalamu ni Danaus chrysippus. Ndege akimla, hutapika, na siku nyingine akiona rangi ile humwacha. Ndiyo sababu kipepeo huyu huruka polepole kama mtu atembeaye sokoni asiye na deni.

Sasa yuko kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu hata kidogo. Jike lake limevaa rangi zile zile za yule mwenye sumu, hata mtu aweza kuwatazama wawili hao pamoja asijue yupi ni yupi. Ndege hudanganyika na kumwacha. Lakini dume lake halifanani naye kabisa: ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Mimi mwenyewe zamani nilidhani kwamba mume na mke hawa ni watu wa makabila mawili. Jike hilo hutaga juu ya tako la hasani, yale magugu manene yatambaayo shambani, ambayo watu wengine huyapika kama mboga. Nayo huota katika debe bila kuombwa, huvumilia jua kali, wala hayataki maji mengi. Mwalimu akiwa na debe la asklepia na debe la tako la hasani, ana mbele ya darasa lake mkweli na mwigaji wake, wala hahitaji picha ya ukutani.

Juu ya asklepia natoa onyo. Utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makubwa na kuweza kuliumiza jicho. Watoto wadogo wasiuchezee, mbuzi wasifikie, na mtu akiukata anawe mikono kwa sabuni kabla ya kufanya jambo jingine.

Sasa nije kwenye vyombo. Katika nchi ya baridi mtu akipanda katika debe, shida yake ni maji kutuama. Kwetu shida hiyo ipo, lakini iliyo kubwa ni moto. Debe la bati likisimama juani hata saa saba mchana hushika moto hata mkono hauwezi kulishika, na mizizi iliyogusana na ubavu wa debe huungua. Mwenyewe huona mti umenyauka, hudhani ni kiu, huongeza maji, na mizizi iliyoungua huoza. Nimepoteza mimea mingi kwa njia hiyo. Dawa yake ni nyepesi. Lipake debe chokaa nyeupe kwa nje, maana weupe huurudisha mwanga wa jua. Au chukua chombo kidogo ukitie ndani ya kikubwa, na nafasi iliyo katikati uijaze mchanga ulioloweshwa. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko bati, kwa sababu maji hupenya ubavuni na kukauka kwa upepo, na kukauka huko hukipoza chungu, kama mtungi wa maji ya kunywa upoavyo. Lakini chungu hutaka maji mara nyingi zaidi, wala si mali ya bure kama debe.

Debe la lita 20 hivi lafaa kwa mdimu mchanga. Kopo dogo lisitumiwe kwa kitu chochote ila kuoteshea mbegu, kwa maana hukauka kabla ya adhuhuri. Toboa chini matundu matano au sita kwa msumari mnene, uyafunike kwa vigae ili udongo usitoke na maji. Weka debe juu ya mawe matatu lisikae juu ya saruji yenye moto. Udongo uwe sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Na maji ya kisima chenye magadi au chumvi, ambayo sisi wa pwani tunayajua sana, hufanya ncha za majani kuwa kahawia. Mtu asiye na maji mengine na akinge ya mvua. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makumbi ya nazi ili unyevu usiruke. Mwagilia asubuhi mapema, na katika miezi ya joto la kaskazi umwagilie na jioni pia, lakini kwanza tia kidole udongoni uone kama ni mkavu.

Mahali pa kuweka ni upande wa mashariki wa nyumba, penye jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri. Kipepeo hana joto lake mwenyewe kama ndege. Asubuhi hufungua mbawa juani apate moto ndipo aweze kuruka, na jua likizidi hujificha chini ya majani. Pia hapendi upepo. Kwa hiyo ukuta au ua wa makuti upande wa kusi utamfaa sana.

Katika maua, chagua yale yenye mashada au uso wa bapa, ili apate mahali pa kusimama akitumbukiza mrija wake. Mrihani ukiachwa utoe maua hupendwa sana na vipepeo wadogo na nyuki, na majani yake mama wa nyumba ayapata vile vile. Katika nyumba yangu hilo ndilo debe pekee lisilonunuliwa kwa maneno. Waridi lile lenye petali nyingi zilizofumbana ni zuri kwa macho, lakini kipepeo hana njia ya kuingilia. Asmini nayo, kwa kuwa ni nyeupe na hunukia usiku, zaidi huwaita nondo. Lantana vipepeo huipenda, lakini nasema wazi mtu asiipande: imeletwa kutoka Marekani ya kitropiki, ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na imekwisha kuvamia mashamba na misitu ya Usambara; tena majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Mbali na maua, vipepeo, hasa madume, hupenda kunyonya tope lenye chumvi chumvi. Chukua sahani pana, uijaze mchanga, uchanganye na samadi kidogo, uuloweshe tu. Nasema uuloweshe, usiache maji yasimame juu yake. Mbu aenezaye homa ya dengue huzaa katika vyombo vidogo vya maji safi karibu na nyumba, na sahani zilizo chini ya vyungu ni nyumba yake kabisa. Mimi nilikuwa nimeweka mawe ya mdimu katika sahani za maji ili majimoto na sisimizi wasipande kula mayai. Ni hila nzuri, lakini siku moja nikaona viluwiluwi vya mbu vikicheza humo. Tangu siku hiyo binti yangu humwaga maji hayo kila siku ya pili, husugua sahani, kisha hutia mapya. Mtu asiyeweza kushika desturi hiyo na awaachie sisimizi sehemu yao.

Ndizi iliyoiva kupita kiasi au embe lililopasuka, likiwekwa kivulini, huwaita vipepeo wa aina nyingine, hasa kwa wale wakaao karibu na msitu. Jioni liondolewe, maana panya nao wanasoma gazeti hili.

Nimepata kuulizwa na watu wenye heshima zao, "Karani, vipepeo watakupa nini?" Jawabu langu ni kuwaonyesha watu wa misituni. Mwaka 1993 kulianzishwa kazi iitwayo Kipepeo huko Gede, katika pwani ya Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakati ule wengi wa majirani wa msitu waliuona kuwa ni hasara tupu, nao walitaka ukatwe wapate mashamba. Wakulima wakafundishwa kuwatagisha vipepeo katika vizimba, kulisha viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na kuuza pupa. (Pupa ninayoitaja hapa si ile ya mlafi, ni kile kifuko ambacho kiwavi hujigeuza ndani yake awe kipepeo.) Pupa hizo zikasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kuingia kutazama vipepeo. Kwa hiyo mti uliokuwa ukitazamwa kama kuni tu, sasa jani lake lilikuwa na bei. Mwaka 2003 kazi ya namna hiyo ikaanza kwetu, katika vijiji vya Amani, Usambara ya Mashariki, wanawake na wanaume. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha nje wanyama pori walio hai, vipepeo wakaingia katika marufuku hiyo, na wakulima wale wakakosa soko lao kwa ghafula. Nayataja haya yote mawili, faida na pigo, ili mtu asianze madebe yake kwa kutumaini fedha. Mimi sikupata hata senti.

Lakini faida moja ya mfukoni ipo, nayo ni kwa wenye vitalu. Mchungwa mkubwa haudhuriki na viwavi wachache. Lakini mche wenye majani ishirini, viwavi wanne waweza kuuvua nguo zote. Rafiki yangu mmoja alikuwa akinyunyizia kitalu chake dawa kila juma, na fedha ya dawa ikamshinda. Nikamshauri aweke kando ya kitalu madebe mawili ya midimu ya zamani, na kila asubuhi atume kijana apite katika miche, na kila kiwavi amwonaye amhamishe kwa kijiti mpaka kwenye debe. Miche yake sasa ni mizima, nami napelekewa viwavi waliozidi. Tena yule mwenye bustani ya vipepeo asinyunyize dawa yoyote, hata maji ya tumbaku wala ya mwarobaini. Hizo nazo huua viwavi, ijapokuwa huitwa dawa za asili.

Kwa waalimu: mkipata yai juu ya mdimu, ambalo ni duara dogo la manjano hafifu kama kichwa cha pini, wanafunzi waandike tarehe. Kisha waandike siku kiwavi atokapo, siku abadilipo vazi, na siku ajifungapo kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni. Tawi lifunikwe kwa kipande cha chandarua kuukuu, kwa maana wako nyigu wadogo watagao mayai ndani ya viwavi na ndani ya pupa. Katika pupa saba za kwanza alizozitunza binti yangu bila chandarua, mbili zilitoa nyigu badala ya vipepeo. Alilia, lakini aliandika, na ukurasa huo ndio mwalimu wake aliousoma mbele ya darasa.

Siku za pupa hutofautiana. Wakati wa joto na mvua huchukua majuma mawili au zaidi kidogo. Wakati wa ukavu nyingine hungoja muda mrefu zaidi, basi isitupwe kwa kudhaniwa kuwa imekufa. Ikikaribia kufunguka hubadilika rangi, na michoro ya mbawa huonekana ndani yake. Kipepeo akitoka mbawa zake zimejikunja kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Asiguswe na mtu hata zitakapojinyosha na kukauka, nayo ni kazi ya saa moja na zaidi. Akishikwa kabla ya hapo hubaki kilema.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwanzo wa vuli au wa masika, ili miche ishike mizizi kabla ya jua kali. Mdimu uliokwisha kuliwa usitupwe. Uondolewe mahali pake, upewe samadi kidogo na maji, nao utachipua upya. Na wakati huo mdimu wa pili uwekwe badala yake. Kwa hiyo anunuaye mmoja na anunue miwili.